Nilikwenda Tororo kwa Boda, Nikarudi kwa Pikipiki Yangu

Kazi yangu ni kupandisha ng'ombe kwa mrija, bila dume. Ndiyo maana huku Busia, upande wa Uganda, wengi hawajui kwamba naitwa Nabwire. Wananiita Mama Dume, na nimeshazoea. Kazi hii ina saa zake. Ng'ombe akiingia kwenye joto, una kama nusu siku ya kumfikia. Ukichelewa, mbegu inapotea bure na mkulima anangoja wiki tatu nyingine. Kwa miaka mingi niliwafikia kwa baisikeli, mtungi wa mbegu umefungwa nyuma kwenye keria.

Halafu wafugaji wa Buteba wakaunda kikundi, wakawa wanatafuta mtu mmoja wa kuwahudumia wote. Mwenyekiti wao ni Mama Asio, mwanamke mpole ambaye husema mambo magumu huku anakumiminia chai.

"Mama Dume, kazi yako tunaipenda," aliniambia. "Lakini ngombe hapana ngoja baisikeli. Kuna kijana wa Tororo ana pikipiki. Jumamosi saa nane tunakutana. Ukikuja na pikipiki, tunaongea. Ukikuja na baisikeli, tunakupatia chai."

Niliijua chai hiyo. Ni ya kukuaga. Na Buteba ni nusu ya ng'ombe ninaowahudumia.

Jumatatu asubuhi, Busia. Nilifunga nguo chache nikatafuta boda wa kunipeleka Tororo. Ningeweza kujifunza hapa nyumbani, lakini fikiria mwenyewe: barabara yetu imejaa matrela yanayosubiri kuvuka mpaka, boda wanapita katikati yake kama siafu, na kila mmoja wao ananifahamu. Ukianguka Busia saa tatu, saa nne wameshakusimulia hadi ng'ambo Kenya. Tororo nina wifi yangu Athieno, mke wa kaka yangu. Yeye huwapelekea wakulima wa Sop Sop miche na dawa za mimea kwa pikipiki, mwaka wa saba sasa, na hana kovu hata moja.

Njiani sikutazama mashamba. Nilitazama mikono na miguu ya dereva. Kama nawe unataka kujifunza, anza hivyo, ni somo la bure. Mkono wa kulia unazungusha moto, yaani unaongeza mwendo. Mguu wa kushoto unabadilisha gia. Mguu wa kulia unakanyaga breki ya nyuma. Tulipopita Kwapa, Mwamba wa Tororo ukaanza kuonekana mbele yetu, na nikajiona nimeshafuzu.

"Nyabo, mbona unachungulia kama askari?" dereva aliuliza, akiniita bibi kwa Kiganda.

"Najifunza."

"Basi usijifunze kwangu. Mimi nilijifunza vibaya."

Jumanne asubuhi, Tororo mjini. Nilidhani tutaanza na pikipiki. Athieno akanipeleka kwanza kununua kofia ngumu. Alinivalisha moja, akafunga kamba chini ya kidevu, akaniambia nitikise kichwa kama ninayekataa mchumba. Kofia ikazunguka yenyewe. Akanivua. Ya tatu ilibana mashavu na ilikwenda pamoja na kichwa.

"Hii. Itakuuma siku mbili, halafu inakuzoea," alisema. "Sasa tunaweza kutafuta kitu cha kukuangusha."

Muuzaji wa pikipiki zilizotumika alikuwa kijana mchangamfu, na alituonyesha moja kwa moja pikipiki kubwa nyekundu.

"Nyabo, chukua hii. Iko na nguvu. Inapanda mpaka juu ya ule mwamba."

"Yeye anakwenda kwa ngombe," Athieno akajibu. "Hakwendi juu ya mwamba."

Akaniambia nikalie ile nyekundu. Ncha za vidole vyangu tu ndizo zilizogusa chini. Nikakalia nyingine ndogo, ya buluu iliyopauka, na nyayo zote mbili zikatua vizuri. Hapo Athieno akanieleza jambo ambalo nawaambia wote wanaotaka pikipiki ya kwanza: usiulize inakimbia kiasi gani, uliza kama unaweza kuishika ikiwa imesimama. Mtu mgeni haanguki akiwa mbio. Huanguka akiwa anageuza uani, pikipiki imeinama kidogo, na mguu haufiki chini.

Muuzaji alikuwa ameshaiwasha ile ya buluu na kuiacha ingurume. Athieno akaizima. "Tunakwenda kunywa chai," akasema. "Tukirudi tunataka kuikuta baridi."

"Lakini inawaka vizuri, umesikia."

"Ikiwa na moto hata mgonjwa anaamka."

Tukakaa hotelini zaidi ya saa moja, tukarudi. Injini ilikuwa baridi, na ikawaka kwa kiki ya pili. Tukaangalia mnyororo kama haujalegea, tairi kama bado zina meno, fremu kama haijachomelewa mahali, na namba ya fremu kama inalingana na ile iliyo kwenye kitabu cha umiliki. Mwisho Athieno akaomba dumu la maji, akalifunga nyuma mahali ambapo mtungi wangu utakaa, akaizungusha mtaani. Aliporudi akasema breki zinashika hata ikiwa na mzigo. Nikaichukua. Muuzaji alimtazama Athieno, kisha akaniuliza mimi kwa upole, "Huyu unaishi naye?"

Jumanne alasiri, uwanja wa mpira. Uwanja huo una mteremko mdogo, na pembeni mwake mama mmoja alikuwa ameanika mihogo juu ya turubai. Athieno akanieleza klachi: ile lever ya mkono wa kushoto inaachanisha injini na gurudumu. Ukiibana, injini inanguruma peke yake. Ukiiachia taratibu, pikipiki inaondoka. Nikaiachia taratibu, ikaondoka. Nikazunguka uwanja mara moja, nikiwa na furaha kama mtoto. Mara ya pili, kwenye mteremko, mihogo ikanijia mbele.

Nikataka kusimama. Nikabana lever ya kushoto kwa nguvu zangu zote. Pikipiki ikaachiliwa, ikanguruma, ikateremka kwa uhuru. Nikabana zaidi. Nikapita katikati ya turubai na nikasimama kwenye majani upande wa pili, wima, huku vipande vya mihogo vimekwama kwenye spoku.

Mwenye mihogo, ambaye Athieno alikuwa amemwambia nimetoka Busia, akainuka kwenye kigoda chake. "Nyinyi watu wa Busia," alisema, "siku hizi mnasaga mihogo na pikipiki?"

Nilishuka, nikamwomba radhi, tukaokota pamoja. Athieno alikuja akicheka mpaka akakaa chini.

"Wewe ni mtu ya baisikeli," aliniambia. "Nilijua tu. Nani alikufundisha?"

Alinifundisha baba, ambaye alikuwa akivusha watu mpakani kwa baisikeli. Kwenye baisikeli zetu, breki ya kushoto inashika gurudumu la nyuma na ya kulia inashika la mbele. Baba alituonya sote: ukiona hatari, bana kushoto, kulia usiguse, itakurusha juu ya usukani. Basi wengi wetu tuliolelewa kwenye baisikeli pale mpakani, mkono wa kushoto ndio unaokimbilia kusimamisha, na wa kulia unaogopa. Kwenye pikipiki mambo yamegeuka. Kushoto hakuna breki kabisa. Ile yenye nguvu iko kulia, na nyingine iko chini ya mguu wa kulia. Kwa hiyo mtu wa baisikeli akishtuka, anaifungulia pikipiki badala ya kuishika. Athieno alisema amewaona wengi, na wengine hawakuangukia mihogo.

Usiku ule sikulala vizuri. Kujua jambo kichwani ni rahisi, lakini mkono hauna masikio.

Jumatano na Alhamisi, mteremko uleule. Athieno alinikataza kuwasha injini. Nilipandisha pikipiki kwa kuisukuma, nikaikalia, nikaiacha iteremke polepole kama mtu anayetembea, kisha nikaisimamisha kwa mkono wa kulia na mguu wa kulia, taratibu, pamoja. Kati ya vidole vyangu vya kushoto na mshikio aliniwekea jani bichi la muhogo. Kazi yangu ilikuwa kusimama bila kulidondosha. Vidole vikifunguka kukimbilia lever, jani linaanguka.

Jumatano majani yalijaa chini. Mama wa mihogo, ambaye sasa alikuwa ameanika upande mwingine kabisa wa uwanja, alileta kigoda chake akatazama.

"Limeanguka," alikuwa akisema kila mara, bila kuulizwa.

Athieno alikuwa akipiga kelele ghafla nyuma yangu, au anarusha ndala mbele ya gurudumu, ili nishtuke. Alhamisi mchana alirusha ndala, nikasimama, nikashusha macho. Jani lilikuwa mahali pake. Yule mama akasema, "Sasa mpe injini."

Ijumaa, barabara za Tororo. Huku nilifundishwa mambo ya watu wengine. Usikae ubavuni mwa trela: kama huoni uso wa dereva kwenye kioo chake, yeye hajui kama umezaliwa. Kwenye kona, punguza kabla hujaingia, usipunguze ukiwa ndani. Ukiona shimo, tazama njia ya kulipita, kwa sababu pikipiki inafuata macho. Kwenye murramu, yaani barabara ya udongo mwekundu, breki ya mbele ishike kwa vidole viwili, kwa adabu. Na murramu iliyolowa, kwa mgeni, ni ya kutazama tu mpaka ikauke. Hilo la mwisho nililisikia kwa sikio moja, maana jua lilikuwa kali.

Jumamosi saa nne asubuhi tuliondoka, mimi mbele na bango la mwanafunzi, Athieno nyuma kwa pikipiki yake. Hewa ilikuwa nzuri. Watoto walinipungia mkono, na mimi sikuwapungia, mikono ilikuwa na kazi. Mbuzi mmoja alikatiza barabara, nikasimama mapema kiasi kwamba ilibidi nimngoje.

Kwapa, karibu na saa sita, mvua ikatukuta. Tukakimbilia barazani kwa mwenye mashine ya kusaga. Barabara mbele yetu ikawa nyekundu na laini kama siagi iliyoachwa juani. Tulikaa. Saa saba ikafika, mvua ikawa manyunyu. Boda wawili wakapita na kijana mmoja nyuma yao, miguu wameinyoosha pembeni kama bata.

"Huyo wa nyuma ndiye kijana wa pikipiki kutoka Tororo," mwenye mashine akatuambia, akitusaidia. "Mwenye mtungi. Anakwenda mkutano Buteba."

Nikamtazama Athieno. Yeye akatazama barabara.

"Mimi naweza kupita hapa," alisema. "Wewe bado. Lakini mkutano si wangu, wifi. Chagua."

Nilivaa kofia. Nikaivua. Nikampigia simu Mama Asio, nikamwambia murramu imelowa, mimi ni mgeni wa pikipiki, nitachelewa. "Sawa," akasema, kwa sauti ile ya chai.

Buteba, saa kumi kasoro. Nilifika barabara ikiwa imekauka na kushikana, mkutano ukiwa unamalizika. Yule kijana alikuwa amekaa mbele, matope hadi magotini, mtu mwenye heshima tu, akanisogezea kiti. Mzee mmoja wa kikundi hakungoja nikae.

"Mama Dume, leo mvua kidogo tu umechelewa. Ngombe yangu ikipata joto siku ya mvua?"

Nilikuwa nimechoka hata kuogopa. "Nitakupigia simu na kukuambia ukweli, kama nakuja au nachelewa," nikasema. "Ng'ombe wako akikosa leo, baada ya wiki tatu anarudi. Mguu wangu ukivunjika, wiki tatu hazitoshi."

Mtu wa nyuma akacheka, halafu wengine. Yule kijana wa Tororo naye akacheka, akiyatazama matope yake. Mama Asio hakucheka. Aliwauliza watu wa upande wa Kwapa kama wanaweza kumchukua kijana, ambaye kwao ni karibu, na watu wa upande wa Busia kama wananitaka mimi. Mikono ikainuka. Haikuwa Buteba yote. Ilikuwa upande ambao ningeweza kuufikia, na nilishukuru.

"Basi anza na ya kwangu," Mama Asio akasema. "Imeanza kulia tangu saa nane. Sisi tunaongea, yeye analia."

Ng'ombe aliyeanza kulia kwa joto mchana hupandishwa kesho yake asubuhi, na hilo lilinifaa, maana Athieno alinikataza kuendesha gizani. Yeye akageuza kurudi Tororo kwa kaka, mimi nikaenda Busia polepole kuutayarisha mtungi, nikifuatwa na boda mmoja jirani aliyekubali kunisindikiza.

Nikiulizwa nimejifunza nini, nasema kuondoka kulinichukua dakika chache na kusimama kulinichukua wiki nzima, na wala sikupoteza wiki hiyo. Chagua pikipiki ambayo miguu yako inaifahamu. Ufundishe mkono wako kabla hujauamini. Na siku ambayo hujaweza, piga simu useme.

Jumapili asubuhi niliingia uani kwa Mama Asio, mtungi ukiwa nyuma yangu. Kuku walikuwa wakidonoa katikati ya njia. Nikapunguza, nikasimama, nikazima injini. Waliendelea kudonoa.

"Hata kuku hawajasikia umekuja," Mama Asio akasema kutoka jikoni. "Maji ya kunawa ni hayo hapo."