Siku Niliyokwenda Kuposa Nikaishia Kufundisha

Jamani, mengine ni aibu hata kuyasimulia, ila kwa kuwa Tabora nzima wanayo tayari, bora myasikie kwangu mwenyewe. Mimi nafundisha historia chuoni, na somo langu nalipenda kupita kiasi, hasa habari za njia ya misafara, nikianza hizo sioni saa wala njaa. Basi tukaenda Ipole kumposa Kalunde, mimi na mshenga wangu Bwana Maganga, naye njia nzima ananihusia: "Wewe kazi yako ni kukaa na kuinamisha kichwa. Mdomo ni wangu."

Nikakubali. Tukafika, shikamoo, marahaba, tukakaribishwa sebuleni, wazee wamejaa, na kabla Maganga hajafungua hoja, baba yake Kalunde akasema (maneno ya kumkaribisha mgeni tu) kwamba njia ya misafara waliichonga Wajerumani. Ningenyamaza ningekufa? Nikasema, "Samahani mzee, nirekebishe kidogo tu."

Kidogo! Nikasimama, nikatoa chaki mfukoni (hainikosi, hata msibani), nikachora kwenye mlango uliokuwa mbele yangu njia yote kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, nikaweka wapagazi wa Kinyamwezi na pembe begani, jasho linanitoka, Maganga anakohoa, mimi nadhani ni vumbi la chaki. Wazee kimya, macho yote kwangu, nikajua darasa limenoga. Nikauliza swali, hakuna anayejibu, nikamnyooshea kidole mama mmoja aliyejikalia pembeni: "Wewe mama, kwa nini misafara ilipumzika Tabora?"

Mama akajifunika kanga usoni, akatoka. Nami nikamsindikiza kwa sauti: "Usiogope mama, kukosea ndiyo kujifunza!"

Kumbe ndiye mama mkwe. Sikuwahi kumwona. Kwetu mama mkwe humtazami usoni, unampisha hata njia, mimi nimempa swali la darasani, na ule mlango nilioujaza ramani ulikuwa wa chumba chake! Wakati ule sikujua lolote, nilichoona ni baba kusimama, kunishika mkono na kusema, "Ahsante sana mwalimu, somo limetuingia," kisha tukasindikizwa hadi barabarani kwa heshima zote, na asali tukapewa. Sasa hiyo ni ndiyo au hapana?

"Wamekubali?" nikamuuliza Maganga ndani ya gari.

"Wakubali nini? Kwani tumeposa saa ngapi?"



Jioni Kalunde akanipigia, mara anacheka, mara analia, sikujua nishike lipi. "Baba anasema mrudi Jumamosi, somo limemnogea," akaniambia. "Mama anasema aje mshenga peke yake."

Kwa hiyo Maganga anakwenda, mimi nabaki mjini nasubiri kuambiwa kama nina mke. Na naapa, siku nikiruhusiwa kukanyaga tena ukweni, hata wakisema Ujiji iko Bagamoyo, nitaitikia tu, "Ndiyo, mzee."