Pumzi za Hema la Pili

Siku yangu ya kwanza kazini, Injenieri, mkuu wa stesheni ya miti, hakunisalimia hata jambo. Alinipa rula na kaye ya kuandikia vipimo, akanionyesha mahema mawili ya plastiki kando ya ziwa, yamejaa miche ya grevilea.

"Hema la kwanza tunatia gazi kaboni, ile tunayotoa puani. La pili iko na hewa ya kawaida. Weye utapima majani, na usinidanganye hata milimeta moja!"

Ninyi vijana, mti unakula hewa. Jani lina vitundu. Gazi inaingia humo, jua linaipika pamoja na maji, inakuwa sukari, halafu mbao. Gazi ikizidi, mche unakimbia kukua. Lakini mizizi ikibanwa katika mfuko mdogo, unachoka. Hayo ndiyo tuliyokuwa tunayatafuta.

Wapi! Miche ya hema la pili ilinenepa sawasawa na ya kwanza. Injenieri akakosa hamu ya kula. "Ripoti ikienda hivi kwa wakubwa, watatufungia stesheni," alisema.

Sisi wawili, minye na Nabintu, rafiki yangu wa kumwagilia miche, tuliangaliana. Kila asubuhi, kwa kukimbia baridi ya ziwa, wafanyakazi wote tulijifungia katika hema la pili kusali. La kwanza tuliogopa gazi yake. Nabintu alianzisha wimbo, sisi tukapokea, saa nzima, tukipumulia miche.

"Tukisema, watatufukuza," nikamnong'oneza.

"Tuseme tu. Yule tuliyemwimbia alituona."

Tulisema. Injenieri akauliza: "Ee Mama! Miezi yote hiyo muliipumulia?" Akacheka mpaka machozi, kisha akafuta hesabu zote tukaanza upya. Maombi yakahamia nje. Miche ile ya hema la pili akaamuru itupwe. Nabintu akabeba mmoja, akaupanda nyumbani kwake Mulongwe.

Sasa nimestaafu. Stesheni imekufa, na Nabintu ametutoka. Nimemkosa jamani, mpaka chakula hakina ladha. Watu wanasema pumzi ya marehemu imepotea. Minye ninabisha, kazi yangu ilinifundisha: pumzi yake iliingia majani, ikawa mbao.

Nikifika Mulongwe, wanawe wananiletea kiti. Ninakiacha, ninaenda kuushika ule mti. Ninangoja Nabintu aanzishe wimbo, nipokee.