Uzi wa Sufi na Feni ya Prosesa: Kutoka Jericho hadi Kiamaiko na Kurudi

Nilitoka nyumbani kwa sababu ya kompyuta iliyokuwa ikikataa kumaliza wimbo mmoja.

Kwaya ya kanisa letu hapa mtaani Jericho ilinipa kazi ya kuwatengenezea video. Wimbo wenyewe waliuimba mwaka jana wakiwa wamesimama kwenye nyasi nyuma ya kanisa, nami nikawarekodi kwa kamera ya kuazima. Aliyeongoza sauti ya kwanza alikuwa Anti Risper, jirani yetu wa mlango wa pili. Miezi michache baadaye aliugua, tukamsindikiza hadi nyumbani kwao Siaya na kumzika huko. Mumewe, Mwalimu Oduor, ndiye aliyeifundisha kwaya hiyo tangu enzi zake za ukarani wa reli. Sasa alikuwa anafunga virago arudi Siaya kabisa. Lori la kumhamisha lilikuwa lije Jumapili baada ya ibada, na video ya mkewe alikuwa hajaiona hata mara moja.

Kila nilipoiagiza kompyuta iunganishe picha na sauti ziwe kitu kimoja, ilifika katikati, joto likapanda, ikajizima. Nilijaribu wiki nzima. Nilianza kuogopa kukutana na Mwalimu kwenye ngazi, maana hakuwa akiniuliza kitu, alikuwa akitabasamu tu.

Nilipoifungua niliona shida mbili. Kwanza, nilikuwa nimeweka prosesa, ule ubongo wa kompyuta, mpya yenye nguvu, lakini feni ya kuipoza ilikuwa ile ile ndogo ya zamani. Ni kama kutia injini ya lori kwenye gari dogo na kuacha redieta yake. Pili, juu ya sanduku la kompyuta kulikuwa na kitambaa. Msomaji wa Eastlands, upande wetu huu wa jiji, anajua habari ya vitambaa: sebuleni kwetu hakuna kitu kinachoachwa uchi, kuanzia redio hadi migongo ya makochi. Hiki cha kompyuta alikifuma Anti Risper mwenyewe kwa uzi mweupe wa pamba, akatuletea zawadi. Mama akakitia wanga wa unga wa ngano, akakipiga pasi hadi kikasimama kama kadibodi na matundu yake yakaziba. Kilikuwa kimekaa juu ya matundu ambayo mashine hupumulia. Tangu mwenyewe atutoke, si mimi wala Mama aliyekuwa na moyo wa kukiondoa.

Nilikiondoa siku hiyo, nikakilaza mezani polepole. Joto lilipungua kidogo, lakini kompyuta ilijizima pale pale. Feni kubwa haikuepukika.

"Itaingia humo ndani?" Mama aliuliza, akichungulia.

"Hapo ndipo pana kazi, Mama. Ikizidi urefu, mlango wa ubavuni haufungi."

Alikuwa akimfumia mjukuu wake sweta ya shule. Akavuta uzi mwekundu wa sufi kutoka kwenye bonge, akauteremsha toka ukingo wa sanduku hadi juu ya prosesa, akapiga fundo huku na fundo kule, akaukata kwa meno.

"Shika, Awino. Usiniletee kitu kinachopita hapa."

Mama ameshona na kufuma maisha yake yote. Sikuona sababu ya kutafuta rula.

Ijumaa asubuhi nilishika njia kwa miguu, uzi mfukoni. Jogoo Road ilikuwa imeamka zamani, na jua lilikuwa la kirafiki. Nilikuwa na furaha ya mtu ambaye hatimaye anafanya jambo badala ya kukaa akilalamika. Nilipita Shauri Moyo, vyuma vikigongwa kila upande, nikaingia Gikomba nikikwepa mikokoteni ya marobota ya mitumba.

Gikomba, nyuma ya safu ya maseremala, kuna Mutua, Mkamba mcheshi anayeuza vipande vya kompyuta za ofisini zilizobomolewa. Meza yake hupata vumbi la mbao siku nzima, naye huwa na brashi mkononi kama mtu anayepaka rangi.

"Karibu, dadangu. Unataka feni ya aina gani?"

Nikamweleza prosesa yangu na kazi ninayoifanya. Akatikisa kichwa kabla sijamaliza. Akanionyesha feni fupi, pana, imekaa vizuri mkononi. Nikaupima urefu wake kwa uzi wangu. Haikufika hata nusu. Fundi wa nguo aliyekuwa jirani akaacha cherehani yake.

"Haki ya Mungu! Huyu anaishonea kompyuta suti!"

"Na kiuno pia nitapima," nikamjibu, wote wakacheka.

"Hiyo inaingia, lakini haikufai," Mutua akasema. "Hiyo ni ya mashine ya kuandika barua. Video itaichemsha. Angalia hii."

Ya pili ilikuwa na taa za rangi zote, ukiiwasha unadhani ni Krismasi. Lakini miguu yake ya kufungia haikulingana na matundu ya bodi yangu, ule ubao unaobeba prosesa, na Mutua hakuwa na miguu mingine. Alijaribu kunishawishi tutoboe. Nikakataa, akakubali haraka, nikajua hata yeye hakuliamini wazo hilo. Hata hivyo sikuondoka mikono mitupu. Nilikuwa nimeelewa kwamba feni ina mambo matatu ya kuangaliwa: iwe na nguvu ya kulimudu joto la prosesa, miguu yake ikubaliane na bodi, na urefu wake uruhusu mlango kufungwa. Taa ni za macho tu.

Saa ya chakula ilinikuta Kariokor. Nilimpitia rafiki yangu Mwende, tuliyesoma naye, ambaye sasa anauza viatu na mikoba ya ngozi karibu na wale wanaokata akala za matairi. Alinivutia kigoda, akaagiza ugali na nyama ya kuchoma, tukala kwa sinia moja. Nilipomwonyesha uzi wangu, alinawa mikono, akaushika, akauvuta.

"Awino, huu ni sufi."

"Ndiyo. Ni wa Mama."

"Si nimeuvuta sasa hivi na umeongezeka? Kitu cha kupimia lazima kikatae kuvutwa." Akakata ukanda mwembamba wa ngozi, mrefu kama kamba ya kiatu. "Rudi kwenu upime na huu."

"Nirudi Jericho halafu nianze upya? Na Jumapili ndiyo hiyo? Mama amepima sweta za mtaa mzima na uzi, na zimewatosha."

"Sweta huvutika, Awino. Sanduku la chuma je?"

Sikio la kufa halisikii dawa. Niliuchukua ukanda wake kwa adabu, nikautupa ndani ya mkoba. Mwende akanicheka, hakununa. Akampigia simu Guyo, kijana wa Kiborana ambaye ndugu zake humletea ngozi za mbuzi kutoka Kiamaiko. Guyo huyo ana ukumbi wa michezo ya kompyuta huko, na alikuwa anabadilisha mashine zake.

Alasiri nilifika Kiamaiko. Mbuzi unawasikia na kuwanusa kabla hujawaona, na ukiwaona unatembea kwa heshima maana barabara ni yao. Wanunuzi walikuwa wakiwakamata mgongoni, wakiwabonyeza kwa vidole, wakinong'ona bei. Ukumbi wa Guyo ulikuwa chumba cha mabati juu ya duka la nyama, umejaa vijana waliokodolea macho skrini.

"Sasa, siz. Mwende ameniambia. Hebu kuja uone mnyama."

Akaitoa kwenye rafu. Ilikuwa mnara wa mabati membamba ya alumini, mabomba ya shaba yakipita katikati, na feni pana kifuani. Miguu ya aina mbalimbali ilikuwa kwenye mfuko, na ya bodi yangu ilikuwemo. Akaiunganisha, feni ikazunguka. Niliinamisha sikio, nikasikia upepo tu.

"Mbona haina taa?" nikamjaribu.

"Taa ni pembe, siz. Mbuzi hanunuliwi kwa pembe. Shika mgongo hapa." Akaupitisha mkono wangu juu ya mabati. "Hii ndiyo nyama. Joto inapanda kwa shaba, inaingia kwa mabati, upepo inaibeba. Mimi nimecheza nayo mchana kutwa na haijawahi niangusha."

"Na urefu?"

Nikamkabidhi uzi. Guyo amekulia kati ya mbuzi, na kamba yoyote akiishika huishika kama kuna mnyama upande wa pili. Akaubana ncha moja kwa kidole, akauvuta ukakaza kama waya. Fundo la juu likafika sawasawa kwenye kilele cha mnara.

"Imetoshea kabisa!"

"Imetoshea!" nami nikaitikia, na moyo wangu ukaruka. Maneno ya Mwende yalinipita kichwani, nikayafukuza. Tulipatana bei bila kusumbuana, akanitilia na kile kidude cha dawa nyeupe inayopakwa kati ya prosesa na feni. "Kidogo tu," akanionya, "kama punje ya dengu. Si siagi ya mkate."

Nilirudi nyumbani kwa bodaboda kupitia Outering Road, nimeupakata mnara kama mtoto, nikiimba ule wimbo wa kwaya ndani ya kofia ngumu ya abiria.

Jericho, jioni hiyo hiyo, nilipaka dawa, nikafunga miguu, nikabana skrubu, nikauinua mlango wa ubavuni. Haukufunga. Nikausukuma. Kilele cha mnara kilikuwa kimejitokeza nje kwa upana wa kidole kimoja. Niliulaza uzi wa Mama mezani bila kuuvuta, nao ukajikunja, mfupi, mwekundu, hauna habari. Kosa lilikuwa pale, na niliambiwa mchana kweupe nikiwa nimeshiba nyama.

Nililia, sioni aibu kusema. Kuiacha kompyuta wazi haikuwezekana, kwa vumbi la mtaa wetu na jiko la makaa mlangoni. Siku chache tu feni ingekuwa imevaa koti la masizi. Mama alinitazama, akautazama mnara, akautazama uzi.

"Kosa ni la uzi wangu," akasema.

"Kosa ni la masikio yangu."

"Basi tumegawana. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, nyathina, mwanangu. Lala."

Jumamosi asubuhi nilimkuta uani. Alikuwa amekiloweka kile kitambaa katika maji ya moto, akakisugua hadi wanga wote ukatoka, akakianika juani. Maua ya Anti Risper, ambayo sikuwa nimeyaona vizuri kwa sababu ya ule ugumu, yalikuwa yamefunguka, na matundu madogo kati yake yalipitisha mwanga. Mama alikiweka mdomoni akapuliza. Pumzi yake ilinifikia usoni.

"Hewa inapita," akasema. "Vumbi likija linabaki kwa uzi, tunafua. Huo si mlango?"

Nilikimbilia mkoba. Ukanda wa ngozi wa Mwende ulikuwa bado humo. Niliupitisha kwenye pindo la kitambaa, tundu kwa tundu, nikakivuta juu ya ubavu wa kompyuta na kukaza fundo nyuma. Kilele cha mnara kilikisukuma nje kidogo tu, na kitambaa kikakubali, kwa maana chenyewe huvutika.

Niliianzisha kazi, mimi na Mama tukaketi kwenye kochi kama wageni. Ikafika robo. Ikafika katikati, pale pa kuzimikia, Mama akanishika mkono. Ikapita. Adhuhuri wimbo ulikuwa umekamilika wote, joto halijapanda hata mara moja, nasi tukaucheza mpaka majirani wakaja kugonga kuuliza kuna nini.

Nikihesabu nilichojifunza katika safari hiyo, ni hiki: feni hainunuliwi kwa taa, kipimo kisichokataa kuvutwa si kipimo, na rafiki akikulisha nyama na ushauri, umeze vyote viwili. Ujumbe huo nilimtumia Mwende. Alinijibu kwa kicheko kirefu na kuniambia nije nipime viatu.

Jumapili baada ya ibada, lori likiwa linapakiwa nje, Mwalimu Oduor aliingia sebuleni kwetu akiwa bado na tai shingoni. Nilimketisha mbele ya skrini. Anti Risper alitokea, amevaa leso ya kijani, akavuta pumzi ile yake ya kuanzia, akaimba. Mwalimu hakulia. Mkono wake wa kulia uliinuka wenyewe kutoka gotini na kuanza kuongoza, kwa vidole tu, hadi ubeti wa mwisho.

Wimbo ulipokwisha aligeuka kuangalia mashine. Kitambaa kilikuwa kikijaa na kunywea taratibu kwa upepo wa feni. Akakitambua. Akaweka kiganja juu ya yale maua, akakiacha hapo kwa muda.

"Kina joto," akasema.

Nilianza kulegeza fundo la ngozi nyuma ya sanduku. "Kichukue, Mwalimu. Nenda nacho nyumbani. Sisi tutatafuta kingine."

Akanizuia mkono.

"Kiache hapo, Awino. Bado kinafanya kazi."