Vidudu vya Bahari ya Chula

Niliondoka Mombasa kwenda kumtoa mama kisiwani Chula. Hamu ya safari sikuwa nayo. Ulikuwa mwaka wa pili tangu vita vitukimbize, nami nimechoka kuletewa salamu zake kwamba yeye hatoki. Wenye bunduki walikuwa wameshachukua nyavu na injini za mashua, wakabaki wazee wasioweza kukimbia.

Kiunga, mpakani, nilisubiri mashua siku tatu. Nahodha, Bwana Kombo, akanishangaa. "Wenzio watoka, wewe waingia?"

"Naingia kutoa mchu, mama yangu," nikamjibu.

Chula nilifika adhuhuri. Mama alikuwa amekonda, Yarabi, mabega yamechongoka! Macho yameingia ukungu, ananijua kwa sauti tu. Nikamwambia twende. Akakataa.

Kwetu watu huchuja maji ya bahari kwa leso. Vikibaki vidudu, vile vidogo kuliko punje ya ufuta, basi dagaa watakuja kuvila, na nguru watawafuata dagaa.

"Kachuje," mama akasema. "Vikiwapo, chakula chaja, sitoki. Visipokuwapo, n'takwenda nawe."

"Chaja kwa nyavu zipi, mama?"

"Mishipi ipo. Kachuje."

Nikaingia maji ya magoti, nikachuja. Leso ikajaa uji mwekundu mwekundu, unachezacheza. Nikaukung'uta wote baharini.

"Waona nini?" akaniuliza kutoka ufuoni.

"Hapana kitu, mama. Maji matupu."

Akaniomba nimfungie nguo zake.

Asubuhi yake tukaondoka. Hatujafika mbali, shakwe wakaanza makelele, na maji ubavuni yakachemka kwa dagaa, nguru wakiruka nyuma yao. "Mashallah!" akasema Bwana Kombo, maskini, hajui lolote.

Mama akageuza uso. "Dagaa hao?"

"Ndio, mama."

"Wengi?"

"Wengi."

"Wanakula nini?"

Nilitamani bahari inimeze. Naye hakuniuliza tena, si Kiunga, si Mombasa, ambako tulikaa chumba kimoja miaka sita mpaka alipofariki.

Wanaoniuliza safari ile ilinifunza nini, nawaambia hivi: unaweza kumwokoa mama yako, naye asikusamehe. Na lau ningerudishwa pale leo, kwenye maji yale ya magoti, ningemdanganya vilevile.