Spika Zinazonguruma Sebuleni kwa Shangazi

Shangazi yangu alianza kazi ya kuunganisha simu za watu akiwa msichana, akaiacha alipostaafu. Miaka yote hiyo alisikia ya wengi akayameza, kwa hiyo alirudi nyumbani na shehena ya maneno. Bahati mbaya mumewe naye alistaafu, akanunua amplifaya na spika zinazomfika kiunoni. Asubuhi muziki, jioni mpira wa televisheni, vyote kupitia spika hizo hizo. Mke akifungua mdomo, mzee anainua kidole: "Ngoja kwanza wimbo uishe." Ukiisha huo, unaingia mwingine.

Kisha spika zikaanza kunguruma. Mmmmm, mfululizo, hata sauti ikipunguzwa. Nikaitwa mimi, maana ndimi fundi redio wa ukoo, yaani fundi wa bure.

Nikachomoa waya mmoja baada ya mwingine. Nilipofika ule unaotoka kwenye televisheni, kimya. Kumbe televisheni ilipata umeme kwa ekstensheni kutoka jikoni, amplifaya ikapata kwenye soketi ya sebuleni. Kila kimoja kilikuwa na waya wake wa ethi wa kushuka ardhini, na waya wa sauti ukaziunga njia hizo mbili zikawa duara. Umeme kidogo ukawa unazunguka humo, spika zikauimba. Mzee akataka niikate ethi yenyewe.

"Mzee, ukiikata hiyo, siku umeme ukivuja utaimba wewe," nikamwambia.

Nikachomeka vyote kwenye soketi moja, mngurumo ukakoma. Kesho yake nikapigiwa simu: zinanguruma tena! Nikaenda, nikakuta plagi ya televisheni imerudi jikoni. Nikaihamisha. Ikarudi tena, nikaihamisha tena, muziki ukarejea sebuleni. Hapo nikapandwa na hasira, nikamfuata shangazi jikoni, alikokuwa akikata vitunguu, macho makavu kabisa.

"Shangazi, hii plagi ina miguu?"

"Labda."

"Shangazi, njia ya mwongo fupi. Nani kakufundisha mambo haya?"

"Mwanangu, maisha yangu yote nimevaa spika za masikioni kazini. Unadhani mngurumo wa ethi siujui?" Akacheka, kisha akaweka kisu chini. "Zikinguruma, anazizima. Akizizima, anakuja kunilalamikia mimi. Angalau tunaongea."

Nilikuwa nimeshajiandaa kumcheka. Nikashindwa, roho ikaniuma.

Nikageuka, na mzee huyo mlangoni. Alikuja kuuliza tatizo lilikuwa nini, akasikia yote. Akarudi sebuleni, tukasikia swichi ya ukutani ikizimwa, na muziki ukakatika katikati ya kiitikio. Akaja na kiti, akakiweka karibu na jiko, akakaa.

"Haya, mke wangu. Sema, nakusikiliza."

Shangazi akamtazama kama anayemkagua. Akavuta pumzi, akaanzia mwaka walipooana.