Saini na Kosaini

Nauza zipu na vifungo Kariakoo, na elimu yangu iliishia darasa la saba. Mambo ya shule ya binti yetu aliyashughulikia mke wangu. Fomu ikija, yeye ndiye aliyesaini. Kwa hiyo mwalimu wa fizikia aliponipigia simu, miezi mitatu baada ya kumzika mke wangu, akasema mtoto anakwama kwa sababu ya saini na kosaini, mimi nilisikia saini na kukosa saini. Nikaona hilo nalielewa.

Akaongeza kwamba hali ikibaki hivyo, ifikapo Ijumaa itabidi ahame mchepuo: aache fizikia, asome jiografia pamoja na kemia na biolojia. Bila fizikia hawezi kuingia chuo cha udaktari, na tangu kidato cha pili hakuna kingine alichotaka.

Kesho yake nikamwachia jirani duka, nikaenda shuleni, Ilala, na cheti cha kifo ndani ya bahasha. Mwalimu ni dada aliye mdogo kwangu kwa umri.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu." Nikamwekea cheti mezani. "Aliyekuwa anasaini ni huyu. Naomba mpokee saini yangu."

Alikisoma chote. Kisha akaniangalia kwa upole, kama mtu anayetafuta pa kuanzia. "Pole sana, baba. Lakini mimi nilimaanisha saini ya pembe."

"Pembe ya nani?"

Binti yangu, aliyekuwa ameitwa naye, akafunika uso kwa mikono. "Baba jamani! Ni hesabu!"

Mwalimu akachora pembetatu, akaandika herufi huku na huku. Niliitikia kwa kichwa kana kwamba naelewa, halafu nikaona aibu, nikamwambia sielewi. Nikauliza nilichoweza kuuliza: anayetaka udaktari anahitaji hesabu kiasi gani ili aiweze fizikia?

"Si nyingi, baba. Zile nzito za wenzake wa mchepuo wa hesabu hazimhusu. Ajue pembe, ajue kusoma grafu, ajue kugeuza fomula. Kidogo tu."

"Sasa kidogo kinamshindaje?"

Binti ndiye aliyejibu, akiangalia sakafu. "Walifundisha tukiwa msibani."

Tulikaa Rombo, kijijini tulikomzika, wiki tatu. Yeye alitaka kurudi shule baada ya wiki moja, mimi nikamzuia. Nilisema ni kwa heshima ya mama yake. Ukweli ni kwamba sikuweza kulala kwenye nyumba ile bila binti kuwepo chumba cha pili. Hilo sikulisema pale ofisini.

Mwalimu akasema anaweza kumfundisha baada ya vipindi kwa mwezi mmoja, kisha ampe jaribio. Fomu ya kuhama nayo ilikuwa pale mezani, nichague. Nami moyoni nilitaka ahame. Nilichoka, na niliogopa kuitwa tena mahali ambapo sielewi ninachoambiwa.

"Wewe unasemaje?" nikamuuliza binti.

"Nabaki."

"Ukifeli?"

"Nikifeli usininunie tu."

Nikairudisha fomu kwa mwalimu. Njiani nikageuka mara mbili, nikidhani nimekosea.

Mwezi ulipoisha binti alileta karatasi ya jaribio. Kabla ya hapo alikuwa akipata F; safari hii ilikuwa D, na mwalimu ameandika chini kwamba anabaki.

"D ni ya kufurahi?" nikauliza.

"Kwa leo furahi, baba. Wiki ijayo tunaanza mawimbi."

"Ya baharini?"

Akacheka mpaka akakaa chini. Tangu msiba sikuwa nimemsikia akicheka hivyo.

"Mawimbi nayo yana hesabu?"

"Yanayo."

"Zile zile?"

"Zile zile, na nyingine."

Sikujua nifurahi au niogope. Nikamwambia ale kwanza.