Kukalia Mikono

Nilianza kumwonea wivu binti yangu siku niliyomkuta akimenya viazi kwa mama yangu. Ana miaka minne. Nilikuwa nimetoka kazini Hurlingham, nikapitia Riruta kumchukua ili twende kwetu Mountain View, na nilikuwa na haraka kama kila mtu anayetoka ofisini. Mtoto alikuwa ameketi sakafuni jikoni na kisu kidogo butu, amekwangua kiazi mpaka kimebaki kama kokwa. Maganda yalikuwa na nyama nyingi kuliko kiazi chenyewe.

Mama alikuwa kwenye kigoda mbele yake, amekalia viganja vyake vyote viwili.

"Mikono inakuuma?" nikamuuliza.

"Haiumi. Nimeifungia tu. Nikiiachilia itamnyang'anya hicho kisu."

Huyu ni mama aliyefundisha chekechea miaka nenda miaka rudi, katika ukumbi wa kanisa pale pale Riruta. Zamani hizo watoto walikaa wima kwenye mabenchi, mikono imekunjwa, wakiimba herufi mpaka sauti zikauke. Najua kwa sababu nilikuwa benchi la mbele. Mtoto wa mwalimu alichapwa wa kwanza, wazazi wengine wasije wakasema anapendelewa.

Alipokaribia kustaafu, mtaala ukabadilika. Wakaitwa semina na kuambiwa kwamba mtoto mdogo hujifunza kwa mikono yake: aguse, amwage, akosee, arudie. Kazi ya mwalimu ni kumwandalia vitu kisha asimame kando. Mama alirudi nyumbani akinung'unika. "Eti mtoto amwage maji nami nimwambie vizuri sana." Mwezeshaji wa semina alikuwa amemwona akiwamalizia watoto kazi zao, akamwambia aikalie mikono yake. Mama alilichukulia jambo hilo kama matusi. Kisha akastaafu, mimi nikamletea mtoto anishikie nikiwa kazini, na mafunzo yote yakamwangukia huyo mmoja.

Nilipaswa kufurahi, najua. Mama mwingine angefurahi. Mimi nilisimama mlangoni na mkoba begani, jioni baada ya jioni, nikaona kijicho kikinipanda. Mtoto alijimiminia chai nusu kikombe, nusu mezani, na mama akampa kitambaa bila hata kukunja uso. Mtoto alivaa gambuti huku akiimba, akivua, akianza upya.

"Mama, amevaa kinyume."

"Atajua. Miguu itamwambia."

"Tunachelewa."

"Wewe ndiye unachelewa. Yeye anavaa viatu."

Kwangu mimi, mama hakuwahi kungoja. Nilifungwa vifungo nikiwa bado nakitafuta cha kwanza. Kalamu ilisukumwa na mkono wake juu ya wangu. Na chapati ndiyo iliyoniuma zaidi. Kila Jumamosi nilipewa kibao na kifimbo cha kusukumia, na kabla donge halijalala vizuri, nilisikia, "Leta hapa, unaniharibia unga." Kifimbo kikaenda. Leo ni mwanamke mzima, nina kazi na nyumba, na chapati nanunua kwenye kibanda nyuma ya ofisi. Mume wangu ana adabu, haulizi.

Siku moja nilishindwa kuvumilia. Mtoto alikuwa nje anamwagilia sukuma wiki, na zaidi alikuwa anajimwagilia yeye mwenyewe. Nikamwuliza mama, "Mbona mimi hukuwahi kunikalia mikono?"

"Wewe ulikuwa wangu. Ningekuacha ukosee, watu wangesema mwalimu hawezi kufunza wake." Akaokota kikombe, akakiweka tena. "Halafu nilikuwa nachoka, kusema ukweli."

Nilielewa, lakini hata kidogo sikupoa. Kuelewa hakukunirudishia kitu. Nikatoka na mtoto, na tulipofika njiani akaniuliza kama nimemkasirikia. Nikasema hapana, naye akaniangalia jinsi anavyoangalia watu wanaomdanganya. Ningemwambiaje mtoto wa miaka minne kwamba nakitaka kiti chake?

Jumamosi iliyofuata tulikwenda kwa mama mchana, na tukamkuta amekanda unga. Binti yangu akapanda kwenye kiti, akapewa donge lake. Alisukuma huku ulimi uko nje, na akatoa kitu chenye pembe tatu na mkia. Mama akakikaanga, akakila yeye wa kwanza, akasema kimeiva. Nilikuwa nimeketi kando na simu yangu, najifanya nasoma. Mdomo ukanifunguka wenyewe.

"Nipeni na mimi."

Mama akaniangalia. Sidhani alishangaa, nafikiri aliogopa kidogo. Akanyunyiza unga kwenye kibao, akaniwekea donge na kifimbo, akarudi nyuma hatua moja.

Nilibonyeza sana upande mmoja. Donge likanata kwenye kibao, nikalivuta, likachanika. Nikaanza kulikunja upya, na hapo nikauona mkono wa mama ukija, ule ule, vidole vimeshafunguka.

"Leta ha..."

"Shosho," binti yangu akasema, amejipaka unga mpaka viwikoni, wala hakuinua uso kutoka kwenye donge lake la pili. "Kalia mikono."

Mkono ukasimama hewani. Mama akamtazama mjukuu wake, akanitazama mimi. Kisha akakivuta kigoda kwa mguu, akaketi, akaiingiza mikono chini ya mapaja, mmoja halafu wa pili.

Nikasukuma. Kila nilipokwenda mrama, mabega ya mama yalipanda na midomo ikacheza, lakini mikono ilibaki pale pale. Chapati ikapanuka upande huu, ikagoma upande ule, ikakubali. Mwishowe ikawa tayari kwa kikaango, hata mimi niliona. Lakini niliendelea kuisukuma, polepole, pembeni, mahali ambapo haikuhitaji, kwa sababu mama alikuwa bado ananingoja.